Laptop ya zamani haioni wifi ya rauta mpya

Pole dada, hiyo laptop ya 2010 usiitupe bado. Kama inashika hotspoti ya simu vizuri lakini wifi ya rauta mpya hapo kwako Ntinda haioni kabisa, basi mi naona shida ni masafa, kadi nyingi za wifi za miaka ile zinasoma GHz 2.4 peke yake, sasa rauta ikiwa inatoa GHz 5 tu haitaiona hata ukiilaza juu yake. Geuza rauta, chini kuna stika yenye anwani, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, iandike kwenye brauza ya simu ikiwa imeshika hiyo wifi, ingiza paswedi iliyo hapohapo kwenye stika, uwashe 2.4. Ukiwa humo angalia na usalama, kama imewekwa WPA3 peke yake (ulinzi mpya wa wifi ambao kadi nyingi za zamani haziujui) badilisha iwe WPA2, ule wa kabla yake, mi hiyo ndo ilinisumbua wiki nzima nikidhani kadi imekufa.

Ikishashika lakini saiti zinagoma kufunguka, tazama tarehe ya laptop, ikiwa si sahihi saiti nyingi zinakataa. Ikirudi nyuma miaka kila umeme ukikatika, ile betri ndogo ya duara ndani, mara nyingi CR2032, imekwisha, ni ya bei ndogo tu.

Yote yakishindikana nunua kale ka-wifi ka USB, unachomeka pembeni. Usikubali fundi akuuzie laptop nyingine kabla hujajaribu haya, tafadhali.