Nilitoa koti la baba mkwe kwa ajili ya Kwaresima, sasa nyumba haina amani

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, Mkatoliki, naishi Moshi. Siku ya Jumatano ya Majivu nilirudi kutoka kanisani, nikaiangalia nyumba yangu nikaona imejaa mno. Kabati la vioo limejaa vyombo vya kitchen party ambavyo sijawahi kuvilia chakula, sanduku la khanga halifungi, magauni ya sare za harusi za watu yamefika hadi chini ya kitanda. Nikaazimia kutoa kitu kimoja kila siku mpaka Pasaka. Leo ni siku ya 17. Nimeshatoa blenda (iliungua, ila fundi anaweza kuitengeneza), pasi, viatu vya watoto, mapazia ya zamani, sufuria mbili na vingine. Kila nikitoa nampiga picha aliyepokea na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu ili na wengine wahamasike.*

*Siku ya 12 nilitoa koti zito lililoning'inia nyuma ya mlango wa stoo miaka minne bila kuvaliwa. Nilimpa mlinzi wa jirani, maana mvua zimeanza na usiku kucha anakaa nje. Koti lilikuwa la marehemu baba mkwe. Mume wangu alipomwona mlinzi getini amelivaa hakusema neno, na hajasema mpaka leo. Anakula, analala, anaondoka. Wifi yangu ndiye aliyenipigia simu, akaniambia nimemdharau marehemu na kwamba Kwaresima yangu ni ya kujionyesha. Nimelia sana, Shangazi. Nia yangu ilikuwa njema. Je, nikiacha sasa nitakuwa nimemdanganya Mungu? Nimebakiza siku 23.*

*Mama wa watatu, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Pole.

Leo usitoe kitu. Na kesho usitoe. Nakwambia hivyo kwa sababu ya maneno ambayo nawe unayajua, Mathayo sura ya 5: ukileta sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Angalia kwamba hapo haulizwi nani ana haki na nani ana kosa. Ndugu ana neno, basi. Mumeo ana neno, na siku tano sasa analimeza pamoja na ugali unaompikia.

Unasema koti lilikaa miaka minne bila kuvaliwa. Mwanangu, koti la baba halikai nyuma ya mlango likisubiri kuvaliwa. Huenda lilikuwa bado na harufu yake. Huenda mumeo alikuwa akiingia stoo kutafuta nyundo, akaligusa kidogo, akatoka. Wanaume wetu wengi hawakufundishwa kulia mbele ya watu. Wanazika, wanapokea pole, wanarudi kazini, na msiba wenyewe wanaubeba kwenye kitu kimoja kama saa, fimbo au koti. Kwetu mavazi ya marehemu yana utaratibu wake, hugawiwa mbele ya ukoo, kila mmoja akajua kapewa nini. Kama koti hilo lilimwangukia mumeo, basi lilikuwa urithi wake. Wewe uliliona kama kitu kilichojaza nafasi, nawe ukalitoa ukidhani unatoa chako.

Kwa hiyo nenda kwake leo jioni, watoto wakishalala. Usianze na nia yako njema. Ukianza na nia utakuwa unajitetea, naye atanyamaza tena. Sema: "Nilitoa koti la baba bila kukuuliza. Nimekosa." Kisha kaa kimya hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akitaka kukusimulia habari za baba yake, sikiliza mpaka mwisho, hata kama kesho unaamka alfajiri. Kuhusu koti lenyewe nitarudi.

Wifi yako amekusema kwa ukali, na sipendi alivyokusema. Lakini katika picha hizo amegusa jambo. Siku ileile uliyotoka kanisani na majivu kwenye paji la uso, Injili uliyosomewa ilikuwa Mathayo sura ya 6: "utoapo sadaka, hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume." Najua ulitaka wengine wahamasike, nami nakuamini. Ila mfikirie yule mama aliyepokea sufuria. Watoto wake wanasoma na watoto wa wanajumuiya. Keshokutwa mtoto mwenzao atawaambia darasani, "Mama yenu alipewa sufuria na mama fulani, nimeiona kwenye simu." Sufuria ulikuwa na haki ya kuitoa, uso wake na jina lake havikuwa vyako. Zifute picha unazoweza kuzifuta, na usitume nyingine. Wala usiandike maelezo marefu kwenye kundi kwa nini umezifuta.

Nije kwenye swali lililokuliza. Hapana, humdanganyi Mungu ukisimama. Kanisa Katoliki linawataka waumini wenye umri wa miaka 18 hadi 59 wafunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na wenye umri wa kuanzia miaka 14 waache nyama siku ambazo imeagizwa. Kitu kimoja kila siku ni mpango wako mwenyewe, na mpango unaweza kurekebishwa. Kama uliweka nadhiri kwa Mungu kwa maneno, mwone paroko wako akusaidie, lakini ninavyosoma barua yako uliazimia tu, kama mtu anavyoazimia kuamka mapema. Hizo siku 23 bado ni zako, na mimi nisingependa uziache. Ningependa uzitumie kwa namna nyingine.

Mama yangu alikuwa na kopo la Blue Band juu ya rafu ya jikoni. Kwaresima ikianza, fedha ya nyama ya Ijumaa ilidondokea humo. Chai tulikunywa bila sukari, na ile sukari ambayo ingeingia kwenye birika aliipima kila asubuhi kwa kikombe kilekile cha bati na kuimimina kwenye mfuko, mbele ya macho yetu. Sisi watoto tuliona mateso matupu. Wiki Kuu ilipofika alinituma mimi, giza likianza kuingia, kwa mjane mmoja ng'ambo ya mto, na kopo na mfuko wa sukari. Aliniambia, "Mwambie mama anarudisha deni lake." Yule mama alipokea, akaniuliza habari za nyumbani, nikarudi. Njiani nilichanganyikiwa, maana sikukumbuka hata siku moja tuliyokwenda kukopa kwake. Nilipofika nikamuuliza mama tulikopa lini. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Tangu Jumatano ya Majivu."

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kusoma kwamba Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria huko Kapadokia aliyefariki mwaka 379, aliwahubiria matajiri wa mji wake kuwa mkate unaouficha ni wa mwenye njaa, na vazi lililofungiwa sandukuni mwako ni la asiye na nguo. Mama hakuwahi kumsoma Basili. Alikuwa na kikombe cha bati tu.

Sasa rudi kwenye orodha yako. Blenda iliyoungua, pasi, mapazia ya zamani. Nisamehe nikikwambia waziwazi: hivyo ulikuwa unavitupa. Kupunguza mzigo nyumbani ni jambo jema, na nyumba nyepesi inampunguzia mama kazi ya kufuta vumbi na hasira za kila asubuhi. Ufanye usafi huo hata mwezi wa kumi. Lakini usimpelekee binti wa watu blenda iliyokufa akatafute fundi kwa fedha asiyonayo, halafu uiandike mbele ya Mungu kuwa sadaka. Itengeneze kwanza, ndipo umpe, na gharama ya fundi ndiyo itakuwa sadaka yako.

Halafu fungua lile sanduku la khanga. Mjamzito akienda kujifungua anatakiwa aje na khanga zake safi, za kutandika, za kumpokea mtoto, ya kujifunga mwenyewe siku ya kurudi nyumbani. Wapo wanaofika wodini na moja iliyochakaa, wakaona aibu kuitoa mfukoni. Wewe una sanduku halifungi. Chagua doti mpya, zile ulizokuwa unazitunza kwa ajili ya siku fulani ambayo haifiki, zifue mara moja ili zilainike, uzipeleke kwa muuguzi unayemfahamu. Yeye atajua nani anazihitaji, na wewe hutamjua. Ukisikia moyo unasita kwenye doti fulani, hiyo usiirudishe sandukuni.

Vyombo vya kabatini vina watu wawili wanaovidai. Wa kwanza ni jumuiya yako: kila msiba mnahangaika kuazima sahani na bakuli nyumba kwa nyumba, na nusu hazirudi zilikotoka. Toa dazeni mbili ziwe vyombo vya jumuiya, vitunzwe na mwenyekiti, ziandikwe kwa rangi chini ili zisipotee. Wa pili ni watoto wako. Wanakula kwenye plastiki zilizopauka huku sahani nzuri zikiwatazama nyuma ya kioo zikisubiri wageni. Zilizobaki zishushe, waanze kuzilia. Moja ikivunjika, imevunjika.

Sare za harusi ndizo zitakazokusumbua kuliko vyote, maana gauni lenye kitambaa cha kundi zima nani atalivaa sokoni? Mpelekee fundi cherehani. Kwenye gauni moja la mikono mipana anaweza kupata gauni la mtoto na kipande kikabaki. Hilo nalo lina gharama, na litakula fedha ya nyama ya Ijumaa mbili tatu, jambo ambalo kwa Kwaresima ni sawa kabisa.

Naona haihitaji kuwa kitu kimoja kila siku. Kwa siku hizo 23 ukifanya mambo manne kwa utulivu, baada ya kumaliza na mumeo, inatosha.

Tuje kwenye koti. Usimwendee mlinzi peke yako, na usimwendee kabla mumeo hajasema anachotaka. Anaweza kukwambia liache, limpate aliyenyeshewa. Wapo watoto ambao, wakishaombwa radhi, huona fahari koti la baba yao linamkinga mtu. Lakini akisema analitaka, usibishane, na usimkumbushe Injili. Nenda soko la Memorial hapo Moshi, tafuta koti zito la mtumba, zima, zipu inafanya kazi, bora kuliko lile ulilotoa. Usinunue la bei ya chini kwa kuwa ni la mlinzi. Kisha nendeni wawili, mchana, wakati hayuko zamu na hakuna watu wanaotazama. Mwambie ukweli: "Kaka, nilikupa kitu kisichokuwa changu, kosa ni langu, nimekuletea kingine na naomba tubadilishane."

Nadhani atakubali. Naye ana baba, au aliwahi kuwa naye. Lakini akikataa, koti ni lake, hukumwazima. Mshukuru, muachie na hilo jipya, mrudi nyumbani. Na usiku huo mumeo akikaa kimya tena, kaa naye.