Kaunta ya katikati jikoni: chumba cha mita 3.6 kwa 4.2

Mkuu, chumba kinatosha, ila kwa mpangilio ulioutaja, makabati kuta zote mbili ndefu na kaunta katikati, hakitoshi. Piga hesabu. Kabati la chini lina kina cha sentimita 60, mawili ni 120. Njia isipungue 105 kila upande, jumla 210. Kwenye 360 unabakiwa na 30 tu.

Acha makabati kwenye ukuta mmoja mrefu, mengine yapeleke ukuta mfupi yawe umbo la L. Hapo upana unakaa sawa: kabati 60 + njia 105 + kaunta 90 + njia 105. Kwa urefu, 420 toa 60 za kabati na njia mbili za 105, unapata kaunta ya 150 kwa 90. Wakipika watu wawili kila siku, njia iwe 120 na kaunta ipungue.

Vipimo vichukuliwe baada ya plasta na taili. Mchoro hupima toka tofali la ukuta mmoja hadi tofali la ukuta wa pili, na plasta ya kuta mbili peke yake hula sentimita 3 hadi 4. Mafundi wengi huzitoa kwenye njia. Zitolewe kwenye kaunta, iwe 85, maana njia ikibana, mlango wa oveni ukiwa wazi mtu hapiti, na aliyebeba sufuria ya moto hana pa kukwepea.

Sinki katikati nakusihi uachane nalo, kwa kuwa umeshamwaga zege. Bomba la maji machafu la milimita 50 linataka mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Kwa mita 2 hadi ukuta wa nje ni 5, na bomba lenyewe 5, jumla 10. Zege la kusawazisha sakafu halifichi kitu hicho, itabidi uchimbe jamvi, yaani lile zege la chini ulilokwisha kumwaga. Mteremko ukipunguzwa, mafuta yanaganda humo na sinki linaziba.

Jiko la gesi nalo libaki ukutani. Upepo wa mlangoni kwenda dirishani hulaza moto, na mtungi ndani ya kabati lililofungwa ni hatari: gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Mtungi ukae nje.

Kwa hiyo sinki chini ya dirisha, jiko mkono wa pili wa L, friji mwishoni. Kati ya kimoja na kingine iwe mita 1.2 hadi 2.7, na kona ya kaunta isikatize hapo.

Kimo cha kaunta cha sentimita 90 ni kizuri kwa kukatia, lakini kwa kusukuma chapati mabega yanachoka. Kama ndiyo kazi kubwa, shusha hadi 85. Viti viwili vinataka upana wa 60 kila kimoja, na graniti itokeze 30 kwa ajili ya magoti, na vyuma vya kuishikilia chini yake. Viweke upande wa ukuta mtupu.

Bomba la waya wa umeme lipite sakafuni kabla ya taili, soketi ziwe ubavuni mwa kaunta.