Maswali yenu: Serikali inasaidia kiwanda, na mkulima je?

Toleo lililopita tuliuliza serikali yetu inasaidia zaidi nani, shamba ama kiwanda, na barua zikaja mpaka meza ikajaa. Karibu zote zinavuta upande mmoja, kwamba mwenye kiwanda anakula na mkulima ananawa mikono tu. Wachache, wengi wao wa Kampala, wanasema wakulima wamezoea kulialia. Nimechukua hizi chache na najibu kama ninavyoona mimi, asiyekubali aandike tena.

SWALI: Mzee, salamu sana. Nalima miwa huku Luuka. Kiwanda kimoja hapa kwetu kilipewa msamaha wa kodi, siku ya kufungua tulipiga makofi na mangoma, sasa bei ya tani imeshuka vibaya na pamiti (ruhusa ya kiwanda) ya kukata nangoja miezi, miwa inakaukia shambani. Kwa nini huo msamaha tusipewe sisi?
*Mkulima wa miwa, Luuka*

JIBU: Pole ndugu yangu. Msamaha wa kodi hata ukipewa wewe hautakusaidia sana, kwa sababu shida yako sio kodi, shida yako ni kwamba mnunuzi anaweza kungoja na wewe huwezi. Angalia vizuri hiyo biashara ya miwa. Unapanda, unakaa karibu mwaka na nusu ndio ukate, halafu siku ukishakata sukari inaanza kupotea ndani ya muwa, ukichelewa siku chache tu kufika kwa mzani umeshakula hasara. Mahindi unaweza kuficha stoo ungoje bei, muwa hauwezi. Kwa hiyo yule anayetoa pamiti ndiye ameshika shingo yako, hata kama ni mtu mzuri wa kwenda kanisani.

Zamani tulikuwa na viwanda vitatu vikubwa vya sukari, Kakira, Lugazi na Kinyara. Vile vidogo vilipokuja huko kwenu Busoga vikaanza kugombania miwa, mkulima akasikia raha, bei juu, broka anakufuata mpaka nyumbani. Vile vikubwa vikalia kwamba wanaibiwa miwa ya watu waliowapa mbegu na mbolea, wakataka sheria iseme kiwanda kipya kikae mbali na cha zamani, kilomita 25. Vita hiyo ya kilomita 25 ndiyo ilichelewesha sheria ya sukari miaka na miaka mpaka ikatoka 2020. Mimi sikuwahi kuipenda hiyo hoja ya kilomita 25, inamfunga mkulima kwa mnunuzi mmoja kama mbuzi kwenye kigingi. Lakini tuseme ukweli pia, ile bei nzuri ilifanya kila mtu apande, mpaka kwenye uwanja wa watoto, shamba la mihogo likageuka miwa, na sasa miwa ni mingi kuliko meno ya mashine. Hapo hakuna serikali itakupa bei ya juzi.

Kitu ambacho ningependa mdai, na mdai kwa kelele, ni hivi: kama kiwanda kinapewa ardhi au msamaha kwa pesa ya umma basi kwenye hiyo karatasi iandikwe pia mkulima atalipwa ndani ya siku ngapi tangu mzani, na asipolipwa nini kinatokea. Msamaha wenyewe haunikasirishi, kinachonikasirisha ni msamaha usio na masharti. Na lingine ni hizo takataka za miwa ambazo si takataka hata kidogo. Kakira wanachoma makapi ya miwa wanapata umeme, mwingine wanauza kwenye gridi ya taifa, na molasi, ule urojo mzito unaobaki sukari ikishatolewa, inatengeneza pombe kali, kwa hiyo wakulima wanaodai hesabu ya bei isiangalie sukari peke yake wana haki yao.

Halafu cheka kidogo. Wakati nyinyi mnalia miwa imekosa kiwanda, kule Atiak wilaya ya Amuru serikali iliweka mabilioni ndani ya kiwanda cha sukari kupitia UDC, shirika lake la kuwekeza kwenye viwanda, na kiwanda kikasimama kwa kukosa miwa.

SWALI: Kaka mhariri, mimi ni mama wa Koboko. Nilipata ile milioni ya PDM, mpango wa serikali wa kuinua watu wa vijijini, nikapanda mahindi na soya, mvua ikawa nzuri, mavuno yakawa mazuri, lakini wakati wa kuuza kila mtu wa muluka wetu (parish) alikuwa anauza mahindi na broka akatupa bei yake tu. Sasa jirani zangu wanasema hiyo pesa ni ya kura hairudishwi, wengine wanasema tutashikwa. Nifanye nini?
*Mama M., Koboko*

JIBU: Mama, hiyo pesa ni mkopo. Usidanganywe na mtu wa siasa wala wa kilabu. PDM ilizinduliwa Kibuku Februari 2022, mpango ni shilingi milioni 100 kwa kila muluka kwa mwaka, zinapitia SACCO ya muluka, nyumba moja inapata mpaka milioni moja na riba ni asilimia 6 kwa mwaka, ambayo hakuna benki itakupa hiyo hapa Uganda. Ukirudisha inaenda kwa jirani yako mwingine, usiporudisha umekula ya jirani wala si ya Kampala. Tarehe za kulipa ziko kwenye ile karatasi uliyosaini, iangalie, kama huna nenda kwa parish chief, yule ofisa wa muluka, akupe nakala. Na kama kuna mtu alikukata kitu kidogo ili jina lako liingie kwenye orodha, hiyo ni wizi, kalalamike.

Sasa ile shida yako ya kweli. Watu waliopanga PDM walisema karibu asilimia 39 ya nyumba zetu zinalima za kula tu, haziko kwenye uchumi wa pesa, kwa hiyo tuziingize. Sawa kabisa. Na wakaandika nguzo saba, nguzo ya kwanza kabisa inasema kuzalisha, kuhifadhi, kusindika na kuuza. Lakini nani ameona stoo? Kilichofika kijijini haraka ni pesa, na pesa ikishafika watu mia wa muluka mmoja wakapanda kitu kimoja msimu mmoja, siku ya kuvuna wanashindana wao kwa wao na broka anakunywa soda kivulini anangoja wachoke. Mimi siwalaumu wakulima hapo, mtu anapewa pesa mwezi wa tatu anaambiwa panda, atapanda nini kama sio kile anachokijua.

Wewe uko Koboko, una bahati ambayo mtu wa Mityana hana, Kongo iko hapo na Sudan Kusini iko hapo. Lakini soko la nje linataka mahindi makavu na masafi. Mnakumbuka Machi 2021 Kenya ilifunga mlango kwa mahindi yetu na ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu (sumu ya ukungu), siku chache wakafungua na masharti, na mwaka 2023 malori yetu yakazuiwa upande wa Sudan Kusini kwa sababu hiyohiyo. Watu walisema ni siasa, na siasa haikosekani, lakini sisi wenyewe tunaanika mahindi chini kwenye udongo, kuku anapita, mvua inanyesha, tunafunika na gunia, halafu tunashangaa. Turubai moja mnunue watu watano. Soya yako usiuze pamoja na mahindi, tafuteni kikundi mjaze lori moja mwite mnunuzi mwenyewe, broka hana nguvu kwa watu wenye lori iliyojaa.

SWALI: Nauza mivumba (mitumba) soko la Owino. Hawa wakubwa wakifunga mivumba ili kusaidia pamba, sisi tutakula nini? Na kweli itasaidia mkulima?
*Muuzaji, Kampala*

JIBU: Rais alisema akiwa Mbale Agosti 2023 kwamba mivumba ipigwe marufuku, mpaka naandika haya Owino iko wazi. Marufuku peke yake haitamsaidia mkulima haraka, kwa sababu pamba yetu karibu yote inachambuliwa halafu inapakiwa kwenda nje, haipiti kwenye kiwanda cha nguo hapa. Zamani Jinja ilikuwa na Nyanza Textile, iliwekwa karibu na umeme wa Owen Falls, leo viwanda vya kusokota na kufuma unahesabu kwa vidole. Ukifunga mivumba kabla ya kuvifufua, nguo ya Uchina ndiyo itajaa. Rwanda walithubutu kupandisha ushuru na mwaka 2018 Marekani ikawanyima nafuu ya AGOA, ule mpango wa kuuza Marekani bila ushuru, kwa nguo zao. Sisi tulishatolewa AGOA Januari 2024 kwa mambo mengine kabisa, kwa hiyo fimbo hiyo ya kututisha nayo tena haipo. Weka akiba, lakini usifunge duka bado.

SWALI: Kila siku tunaambiwa tuache kuuza kahawa mbichi, tuichome hapa tupate pesa mara kumi. Ni rahisi hivyo? Na kwa nini waliua UCDA, ile mamlaka ya kahawa?
*Kijana wa Masaka*

JIBU: Sio rahisi, na anayekuambia ni rahisi hajawahi kujaribu kuuza. Watu wengi wanadhani Wazungu wanatuzuia na ushuru. Uganda iko kwenye kundi la nchi maskini zaidi, kwa hiyo kahawa iliyochomwa ikitoka hapa inaingia Ulaya bila ushuru. Kinachozuia ni kwamba kahawa ikishachomwa inaanza kupoteza harufu, mbichi unaweza kuweka miezi, kwa hiyo wenye kunywa wanapenda ichomwe karibu na wao, tena wanachanganya yetu na ya Brazil na ya kwingine, na rafu za supamaketi zina wenyewe. Kahawa ya unga wa kukoroga ndiyo inaweza kukaa muda mrefu ila mtambo wake ni pesa nyingi sana. Mimi naona tuanze na majirani na sisi wenyewe, Mganda analima kahawa na anakunywa chai.

Serikali ilijaribu njia ya mkato Februari 2022 na ule mkataba wa kiwanda cha kahawa na kampuni ya Vinci, ardhi Namanve, misamaha ya kodi, na kipaumbele cha kupata kahawa bora kabla ya wengine. Watu walikasirika na Bunge likapendekeza uvunjwe. Hapo ndipo utaona wanainchi hawachukii viwanda, wanachukia kiwanda kimoja kupewa mlango peke yake. Kuhusu UCDA, ilikuwepo tangu 1991, ikarudishwa wizarani kwenye ule mpango wa kupunguza mashirika, na siku ya kupitisha, 6 Novemba 2024, wabunge walipigana ngumi. Hoja ya kuokoa pesa naielewa. Lakini kwa nini uguse kitu ambacho wakulima wenyewe walikuwa wanasema kinafanya kazi, na kulikuwa na mengi yasiyofanya kazi ya kuanza nayo?

Bei nzuri ya 2024 na mwanzo wa 2025 haikuletwa na mtu wa Kampala, ukame uliwapiga Vietnam na Brazil. Wewe Masaka unachoweza ni hiki: usiuze maua, yaani kahawa bado iko mtini, wala kahawa ikiwa bado mbichi. Kilo mbili za kiboko kavu (kahawa yenye maganda) zinatoa kama kilo moja ya kase (iliyokobolewa), piga hesabu hiyo kabla broka hajakupigia.

SWALI: Kwa nini serikali ijenge viwanda yenyewe? Si iachie wenye pesa?
*Mwalimu, Lira*

JIBU: Mwalimu, wenye pesa wanaenda penye barabara na umeme, ukiwaachia wao kila kitu kitakuwa Mukono na Jinja. Kiwanda cha matunda cha Soroti, kile cha juisi ya Teju kilichofunguliwa Aprili 2019, kilijengwa na UDC na msaada wa Korea, na nadhani bila serikali kisingekuwepo. Ila machungwa yana msimu, yanakuja yote pamoja kisha yanaisha, na mashine inataka kula kila wiki. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalisemi: Washington Navel, lile chungwa kubwa lenye kitovu ambalo sokoni kila mtu analitaka, juisi yake ikikaa inakuwa chungu. Mkulima aambiwe kabla ya kupanda chungwa lipi ni la kiwanda na lipi ni la soko. Mti ukishakaa miaka minne ndio unaambiwa, nani atang'oa?

SWALI: Nitajuaje mahindi yamekauka? Mimi nang'ata tu na meno.
*Masindi*

JIBU: Meno yanadanganya. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, tia mahindi robo yake, tia chumvi kavu vijiko viwili, funga, tikisa dakika kadhaa, halafu acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, unyevu bado uko juu ya asilimia 15, rudisha kwenye turubai. Isipoganda uko chini ya 15, lakini soko linataka kama 13, kwa hiyo ongeza jua siku nyingine. Wanunuzi wakubwa wana mashine ya kupima, mwambie akupimie ukiwa umesimama hapo, kabla hujashusha gunia hata moja.