Mwenye shamba katika baraza la mishahara

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama ni haki mwenye shamba kuketi katika baraza linalopendekeza ujira wa vibarua wa mashambani, ilhali naye huwalipa vibarua hao hao. Kwanza tutenganishe viti. Chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya Kenya ya mwaka 2007, baraza hilo lina wawakilishi wa waajiri, wawakilishi wa wafanyakazi na wajumbe huru. Mwakilishi wa waajiri hakutumwa kuwa mwamuzi. Amekwenda kuutetea upande wake, na upande wako wa wafanyakazi nao una wasemaji wake. Anayepaswa kutoegemea popote ni mjumbe huru, kwani pande mbili zikivutana, neno lake ndilo linaloinamisha mizani.

Hapo ndipo uangalie kwa makini. Mjumbe huru mwenye ekari za matikitimaji kando ya Mto Sabaki, au ambaye nduguye ndiye anayewakusanya vibarua alfajiri na kuwapeleka shambani, anapaswa kulitamka jambo hilo kabla ya mjadala na kujitoa; kunyamaza kwake ndiko kunakotia doa, hata akiwa mwadilifu, na waadilifu wenye mashamba nawajua wengi. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakupa haki ya malipo ya haki, basi usione haya kulalamika. Mwandikie Waziri wa Kazi kupitia chama chako cha wafanyakazi, ukieleza maslahi yenyewe na ushahidi ulio nao, wala si uvumi wa mitaani, kisha ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.