Paa la behewa langu lilizama, na wewe wa Mchongoko hebu nisikilize kwanza

Juzi kijana mmoja wa Morogoro kaniandikia inboksi, "Kaka habari, nimeona picha ya behewa lako la mfano, na mimi nataka nitengeneze Mchongoko wa plastiki wenye taa ndani, nianzie wapi?" Mchongoko ni ile treni ya umeme ya SGR yenye pua iliyochongoka. Nikacheka peke yangu kwenye basi mpaka mama aliyekaa pembeni akavuta pochi yake. Simdharau jamani, nimecheka kwa sababu nimejiona mwenyewe wa miaka miwili iliyopita, na huyo mtu wa miaka miwili iliyopita alikuwa mjuaji sana.

Ngoja niwape mkasa wote. Mzee wangu alikuwa gadi Reli ya Kati, mimi nimekulia Tabora kwenye kota za reli, usingizi wangu wa utotoni ni kelele za mabehewa yanavyogongana yakipangwa, haya ya Kigoma, haya ya Mwanza. Sasa hivi niko Ohio napiga shifti ya usiku ghalani, na baridi ikishaanza huku hakuna pa kwenda, ndo nikaingia kwenye ugonjwa wa treni za mfano. Madukani zipo za Kimarekani, za Kijerumani, za Uswisi, unachukua boksi unalipa unaondoka. Za kwetu hamna. Kwa hiyo ukitaka behewa la Reli ya Kati njia ni moja, unanunua karatasi nyeupe za stairini (ni plastiki, si karatasi ya kuandikia) unakata mwenyewe, na mimi bila kuuliza mtu nikajiamulia kuanza na behewa la abiria daraja la tatu lenye madirisha 11 kila upande. Mtu mwenye akili angeanza na behewa la mizigo, boksi tupu lenye mlango mmoja. Lakini ndo hivyo.

Vipimo sikuwa navyo. Nilikuwa na picha moja ya mzee kasimama mlangoni mwa behewa, imepigwa ubavuni kabisa, bendera ya kijani iko kwapani. Mzee ana futi 5 na inchi 8, nikampima pale kwenye picha kwa rula, nikagawanya, basi kuanzia hapo kila dirisha, kila ubao, kimo cha paa, vyote nimevipata kutokana na urefu wa baba yangu. Skeli nikachukua 1 kwa 87, yaani kila kitu kinapunguzwa mara 87, ambayo huku ndo ya wengi, behewa likatoka kama sentimita 20. Reli yetu ni ya mita moja, yaani upana kati ya vyuma viwili, ukigawa kwa 87 unapata milimita 11 na nusu, na za kununua zilizo karibu na hapo ni za milimita 12, zile wanazotumia watu wa treni za Uswisi. Nikaagiza bogi, yaani zile fremu za magurudumu, za kiwandani za milimita 12. Kumbukeni hiyo 12, itakuja kuniuma mbele.

Kukata stairini ni raha ukishaelewa kwamba hukati. Unaweka rula ya chuma, unapitisha kisu mara mbili tatu kwa mkono mwepesi, unakwaruza tu, halafu unakunja, inavunjika tak! kwenye mstari imenyooka kama imekatwa na mashine. Mimi siku ya kwanza nilikuwa nakandamiza kisu kama nachinja, kisu kikateleza kikapanda juu ya rula kikanila kidole cha shahada, mpaka leo kovu lipo. Karatasi zenyewe zinauzwa kwa unene wa elfu za inchi, namba 20 ni kama nusu milimita, namba 40 ni kama milimita moja. Hizo mbili zinakutosha kabisa.

Madirisha sasa. Nilitoboa moja moja kwa ncha ya kisu, madirisha 22, wiki tatu nzima kila nikirudi kazini, na nilipomaliza nikasogea nyuma nikaangalia, aisee, lilikuwa kama mdomo wa mtoto anayeota meno. Hakuna mawili yaliyolingana. Nikatupa. Mara ya pili nikajiongeza: nikakata mkanda mrefu wa chini ya madirisha, mkanda mrefu wa juu, halafu vipande vya katikati vyote nikavikata kwa mpigo vikiwa vimebanwa pamoja, nikavipanga juu ya kioo cha fremu ya picha, nikagundisha. Jioni moja nikamaliza kazi ya wiki tatu. Ukiniuliza ushauri wangu mkubwa ni upi nitakwambia huu, usitoboe dirisha, jenga ukuta kuzunguka dirisha.

Halafu gundi, na hapa ndo penye kidonda. Gundi ya stairini ni maji maji, unagusisha brashi kwenye mshono inajinywea yenyewe, inayeyusha plastiki za pande zote mbili zinakuwa kitu kimoja. Tamu sana. Na kwa kuwa ni tamu mimi nikawa namimina. Paa nikalitengeneza kwa karatasi nyembamba tatu moja juu ya nyingine, katikati nikapaka gundi kama napaka siagi kwenye mkate, nikafunika behewa, nikaziba kila mshono, nikapiga msasa, praima ya kijivu, rangi. Likatoka zuri mpaka nikampigia mke wangu simu yuko kazini. Siku kama 20 baadaye nalishusha kabatini, paa limezama katikati, mgongo wa punda aliyezeeka kabisa, na ukuta mmoja umevimba kwa nje.

Kumbe ile gundi niliyomimina mvuke wake ulikosa pa kutokea. Umejifungia ndani ya boksi, umekaa unalainisha plastiki polepole huku mimi najisifia kwa watu. Dawa yake ni ya kijinga mpaka inaudhi: toboa matundu mawili matatu kwenye sakafu ambako hakuna atakayeona, paka gundi kidogo, na usiunganishe paa mpaka kesho yake. Matundu mawili! Nilikaa kwenye kochi nusu saa nalitazama lile behewa bila kuongea, mke akasema "si midoli tu baba?" nikamwambia tusiongee kwanza.

Nikajenga la pili. Hili nilipima na uzito, maana behewa jepesi linaruka reli. Chama cha Wamarekani cha mambo haya, NMRA, kwa skeli hii wanapendekeza aunsi moja, uongeze nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu, kwa hiyo langu la inchi 8 likahitaji aunsi 5, gramu kama 140. Lenyewe lilikuwa na 60. Robo dola ina gramu 5.67, nikagundisha sarafu 14 sakafuni kwa epoksi (ile gundi ya maji haishiki chuma, msijisumbue). Dola tatu na nusu ziko mle ndani, mwanangu anazijua na anazisubiri.

Nikalipeleka klabu moja ya treni hapa mjini. Mzee mmoja akalichukua bila kuuliza, akaliweka kwenye reli yao ya milimita 16.5, magurudumu yakadumbukia katikati ya reli, akacheka, akaniambia umekosea vipimo kijana. Meza nzima ikacheka. Nikaanza kueleza reli ya mita moja, Dar mpaka Kigoma, ilifika 1914, nikaona macho yameshahamia kwenye donati. Mmoja akauliza hivi Afrika kuna treni. Nilirudi nyumbani nikatengeneza kipande cha reli cha milimita 12 urefu wa mita moja, sasa nikienda naenda na reli yangu mwenyewe.

Sasa wewe wa Mchongoko. Ile pua imejikunja pande zote na stairini ya karatasi haipendi kukunjwa pande mbili kwa wakati mmoja, utalia. Anza na boksi la mizigo. Kama stairini hupati, okota vikopo vya yoghurt, pindua chini, ukiona pembetatu yenye namba 6 hiyo ni ndugu yake, jifunzie humo kukwaruza na kugundisha. Makasha ya CD nayo ni plastiki hiyohiyo ila yanapasuka ovyo, yanafaa vioo vya madirisha. Na fungua dirisha la chumba unapogundisha, ule mvuke unaumiza kichwa. Vijana mnapenda kuanzia juu jamani, mnataka taa ndani kabla ukuta haujasimama, taa za nini?

Nimemtumia mzee picha za behewa la pili WhatsApp. Nikajua atalia. Amekaa siku mbili hajajibu, halafu ikaja meseji ya sauti, kikohozi kwanza, kisha: "Limekaa vizuri. Ila dirisha la choo lilikuwa dogo kuliko mengine, na lilikuwa la kioo cha ukungu. Wewe umeweka abiria wote wanamwona mtu chooni."

Ni kweli bwana. Jana nimeshakata mkanda wa chini wa ukuta mpya.