Kupitiliza shabaha ukivuta darubini ya AWP

Kaka, umeuliza kwa nini kwenye Counter-Strike 2, gemu ya kupigana risasi, unapitiliza shabaha ukivuta darubini ya AWP, bunduki ya kudungua kutoka mbali, ilhali bila darubini unalenga vizuri. Mkono wako hauna kosa. Gemu hupunguza kasi ya kipanya kwa kugawanya pembe za kuona: nyuzi 40 za mvuto wa kwanza wa darubini kwa 90 za bila darubini, yaani 0.444. Lakini skrini ni bapa, kwa hiyo gawanya tanjenti za nusu ya pembe: tanjenti ya 20 kwa ya 45, unapata 0.364. Sasa 0.364 gawanya kwa 0.444, ni 0.819. Weka hiyo kwenye mpangilio wa gemu wa kasi ya kipanya ukiwa kwenye darubini, badala ya 1. Mvuto wa pili, wa nyuzi 10, unataka 0.787, ila mpangilio ni mmoja kwa mivuto yote miwili. Mimi ningebaki na 0.82, maana mvuto wa kwanza ndio unaotumika zaidi. Halafu tafadhali usiiguse wiki mbili, mkono uzoee.