Huyo ni spika, si rais wa mkoa: kwenu mnaoanza kuandika wasifu wa wanasiasa wa Italia

Vijana, mnajituma na Kiitaliano mnakisoma vizuri, lakini kila kundi jipya linajikwaa kwenye kisiki kile kile. Tuking'oe leo.

1. Kabla ya kuandika "rais", soma maneno yanayofuata. Presidente della Regione anaongoza serikali ya mkoa, yaani giunta, na katika mikoa ya kawaida wananchi wanampigia kura moja kwa moja tangu 2000. Presidente del Consiglio regionale ni mtu mwingine kabisa: wajumbe wa baraza wanamchagua miongoni mwao aongoze vikao. Mwiteni spika, msomaji wa Nairobi na wa Dodoma atamwelewa papo hapo. Presidente del Consiglio peke yake ni waziri mkuu, kule Roma.

Tazameni kosa linavyoingia. Mwandishi anatafsiri neno kwa neno: "rais wa baraza la mkoa". Mhariri anaona kichwa kimerefuka, anakata "baraza la". Spika keshakuwa rais wa mkoa. Anayeandaa jedwali la viongozi anakuta marais wawili kwa miaka ile ile, anadhani mmoja alijiuzulu, anakisia tarehe ya makabidhiano. Hapo mtu aliye hai amebandikwa kujiuzulu ambako hakukutokea, na kulisahihisha ni kufumua kila kitu: mtangulizi, mrithi, hesabu ya miaka, hata chama kilichotawala. Dawa yake ni dakika mbili tu: fungua orodha ya giunta ya muhula ule. Kama jina halimo, hakuwa rais, wala assessore, yaani waziri wa mkoa.

Na tafadhali, msiandike "mkuu wa mkoa". Kwa Mtanzania huyo ni mteule wa Rais. Magazeti ya Italia husema governatore, na kweli gavana wa Kenya ndiye anayemkaribia, ila cheo cha kisheria ni rais.

2. Rais akijiuzulu, baraza zima linavunjika. Ni ibara ya 126 ya katiba. Stefano Bonaccini, rais wa mkoa wa Emilia-Romagna, aliuacha Julai 2024 kwa sababu alichaguliwa Bunge la Ulaya, na ibara ya 122 hairuhusu kushika vyote viwili. Makamu wake, Irene Priolo, akakaimu hadi uchaguzi wa Novemba. Msiandike "baraza lilivunjwa" mkaishia hapo, msomaji atanusa kashfa isiyokuwepo.

3. Bonaccini alishinda 2014 kwa 49.05%, chini ya nusu ya kura, na hakuna duru ya pili mliyoisahau kuiandika. Mkoa ule hauna duru ya pili. Mkoa wa Toscana unayo, iwapo hakuna mgombea anayefikisha 40%.

4. Pangeni vyeo kwa ngazi. Luca Zaia: rais wa wilaya ya Treviso, makamu wa rais wa mkoa wa Veneto 2005, waziri wa kilimo Roma 2008, rais wa Veneto 2010 hadi 2025. Mtaulizwa mihula mitatu aliipataje. Sheria ya taifa namba 165 ya 2004 inazuia muhula wa tatu mfululizo, lakini Veneto iliiingiza kwenye sheria yake 2012, hivyo ule wa 2010 haukuhesabiwa.

5. Mikoa mitano ina hadhi maalumu, na kila mmoja una taratibu zake. Katika mmojawapo, Valle d'Aosta, rais huchaguliwa na baraza, kwa hiyo msimtafutie asilimia ya kura za urais. Kinachopatikana ni kura zake za ujumbe wa baraza; andikeni hizo.